Kuhesabu Vifurushi Kabla ya Kuhesabu Wagonjwa

Kata ya Kerege iko wilayani Bagamoyo, mkoani Pwani, kando ya barabara itokayo Dar es Salaam kupitia Bunju na Mapinga kuelekea Bagamoyo mjini. Mama anayempeleka mtoto wake kliniki huona uzito ukiandikwa mara mbili: katika kadi anayorudi nayo nyumbani, na katika rejista inayobaki kituoni. Asichokiona ni safari ya namba hiyo baada ya hapo. Mwisho wa mwezi hujumlishwa pamoja na namba nyingine katika fomu za MTUHA na kuingizwa katika DHIS2, mfumo wa kielektroniki uliokuwa umesambazwa nchini kote kufikia mwaka 2013. Ikiwa mtoto huyo yumo katika utafiti, uzito wake utaingia pia katika kompyuta ya mchambuzi wa takwimu, na huko ndiko utakakogeuka kuwa asilimia, jedwali na hatimaye ushauri wa tiba.

Wilaya hii inazijua tafiti kuliko wilaya nyingi nchini. Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo chake Bagamoyo, na watoto wa eneo hilo walikuwa miongoni mwa watoto 15,460 wa nchi saba walioshiriki majaribio ya awamu ya tatu ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyoanza mwaka 2009. Baadaye Bagamoyo ikawa pia mojawapo ya vituo vitano vilivyoijaribu chanjo ya R21. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo ya kwanza itumike mwezi Oktoba 2021, na ya pili mwezi Oktoba 2023. Wazazi walioitikia wito wa tafiti za namna hiyo walitoa muda wao, imani yao na damu ya watoto wao.

Majaribio makubwa kama hayo huwa na wasimamizi wa takwimu, wakaguzi na taratibu ndefu zilizoandikwa. Makala haya yanahusu zaidi kazi ndogo zinazofanyika kila siku bila jeshi hilo la wasaidizi: tasnifu ya mwanafunzi wa uzamili, tathmini ya lishe ya kata, uchunguzi wa upungufu wa damu kwa wajawazito wa zahanati tatu. Mara nyingi kazi hizo humtegemea mtu mmoja mwenye kompyuta mpakato moja. Na ndani ya kompyuta hiyo kuna jambo ambalo ni nadra kuulizwa na mganga mfawidhi, na mgonjwa hajawahi hata kulisikia: ni vifurushi gani vya programu vilivyosakinishwa humo, na ni vya toleo gani.

Kifurushi ni nini

Neno kifurushi limezoeleka kwa maana ya muda wa maongezi au intaneti inayonunuliwa kwa simu. Hapa maana yake ni nyingine. Wachambuzi wengi wa takwimu za afya hutumia lugha za kompyuta, hasa R na Python. Lugha hizo zenyewe hufanya mambo ya msingi, na mengine yote huongezwa kwa vifurushi, yaani mafungu ya maelekezo yaliyoandikwa na watu wengine na kuwekwa katika maghala ya wazi mtandaoni ili yeyote ayachukue bila malipo. Ghala kuu la R, liitwalo CRAN, lilianza mwaka 1997 na sasa lina vifurushi zaidi ya 20,000. La Python, liitwalo PyPI, lina miradi zaidi ya nusu milioni.

Mfano ulio karibu na kliniki ni kifurushi cha R kiitwacho anthro, kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani. Kazi yake ni kuchukua jinsi ya mtoto, umri, uzito na urefu, kisha kuvilinganisha na viwango vya ukuaji vilivyotolewa na shirika hilo mwaka 2006. Matokeo yake ni alama Z, ambayo kwayo mtoto huhesabiwa kuwa amedumaa, amekonda au anakua vizuri. Mtoto ambaye alama yake ya uzito kwa urefu iko chini ya -3 ana utapiamlo mkali na anahitaji matibabu bila kuchelewa. Kifurushi hiki ni kizuri na kimeondoa kazi kubwa ya kutazama majedwali kwa macho. Hata hivyo kina tabia zake: kisipoelezwa vinginevyo, huichukulia namba ya umri kuwa ni ya siku. Mchambuzi aliyeandika umri kwa miezi na asiseme hivyo atakuwa amemgeuza mtoto wa miezi 18 kuwa kichanga cha siku 18, na uzito wake utaonekana wa ajabu.

Kifurushi kimoja huwa hakisimami peke yake. Hutegemea vingine, navyo hutegemea vingine tena, hivyo anayeomba kimoja huweza kuletewa kumi na tano. Kila kimoja kina waandishi wake, kasoro zake na namba ya toleo lake. Namba hiyo ya toleo mhudumu wa afya anaweza kuielewa mara moja akikumbuka namba ya bechi kwenye boksi la dawa. Mfamasia hawezi kusema tu kwamba stoo ina amoksilini. Leja yake huonyesha bechi, kiasi, tarehe ya kupokelewa na tarehe ya kwisha matumizi, ili likitokea tatizo ijulikane ni nani alipewa nini. Kompyuta iliyotoa takwimu za wagonjwa nayo ni stoo. Tofauti ni kwamba stoo hii mara nyingi haina leja.

Wajawazito watano na majibu mawili

Kwa nini toleo lina uzito kiasi hicho? Mfano mmoja unatosha kulionyesha jambo hili, na unafaa kufuatwa polepole.

Chukulia kwamba mchambuzi amepokea orodha ya wajawazito watano na vipimo vyao vya hemoglobini, yaani wingi wa damu, kwa gramu katika kila desilita. Wanne wamepimwa: 7.8, 9.4, 10.2 na 11.6. Wa tano alifika siku ambayo mashine ilikuwa mbovu, na karani kwa uaminifu kabisa akaandika katika nafasi yake neno “haikupimwa”. Mchambuzi anayo skripti, yaani faili lenye amri zilizokwisha kuandikwa, aliyorithi kwa aliyemtangulia. Skripti hiyo husoma orodha, huigeuza safu ya hemoglobini kuwa namba, huacha nafasi zilizo tupu, na hutoa wastani.

Kwa kuwa neno moja limechanganyika na namba, kompyuta huisoma safu nzima kama maneno. Hapo ndipo njia zinapoachana. Katika R ya kabla ya toleo la 4.0.0, maneno yaliyosomwa kutoka kwenye faili yaligeuzwa yenyewe kuwa makundi, na kila kundi likapewa namba ya siri kwa kufuata mpangilio wa maandishi. Katika mpangilio wa maandishi, 10.2 hutangulia 7.8, kwa sababu herufi ya kwanza, 1, hutangulia 7. Kwa hiyo 10.2 likawa kundi la kwanza, 11.6 la pili, 7.8 la tatu, 9.4 la nne na “haikupimwa” la tano. Skripti ilipotaka namba, ilipewa hizo namba za makundi. Mwenye hemoglobini 11.6 akaandikiwa 2. Mwenye 7.8 akaandikiwa 3. Yule ambaye hakupimwa kabisa akaandikiwa 5, akawa ndiye mwenye damu nyingi kuliko wote. Wastani ukatoka 3.

Toleo la 4.0.0, lililotoka Aprili 2020, liliacha desturi hiyo. Skripti ile ile, juu ya orodha ile ile, husoma maneno kama maneno. Ikiambiwa iyageuze kuwa namba, hutoa 7.8, 9.4, 10.2 na 11.6, huacha nafasi ya tano tupu, na huonya kwamba kuna kitu kimeshindwa kugeuzwa. Wastani wa wanne waliopimwa ni 9.75.

Kwa mjamzito, hemoglobini iliyo chini ya 7 ni upungufu mkali wa damu. Jibu la kwanza linasema kwamba wote watano wako katika hatari hiyo, akiwamo ambaye hakuna anayejua hali yake. Jibu la pili linasema kwamba kati ya wanne waliopimwa hakuna hata mmoja mwenye upungufu mkali, ingawa watatu wako chini ya 11 na wanahitaji kufuatiliwa, na wa kwanza wao kwa haraka. Kwa watu watano, daktari yeyote angeshtuka kuona wastani wa 3 na kuirudisha karatasi. Lakini safu ya umri, ya idadi ya mimba zilizopita au ya siku za kulazwa ikipatwa na mkasa huo huo katika orodha ya watu 800, namba zitakazotoka zinaweza kuonekana za kawaida kabisa, na hakuna atakayeshtuka.

Itasemwa kwamba mchambuzi makini angeieleza kompyuta tangu mwanzo kuwa “haikupimwa” si kipimo. Ni kweli, na ndivyo inavyopaswa kufanywa. Ila skripti za kurithi ni nyingi katika hospitali na vyuo, na anayezirithi huzipokea kama mtu apokeavyo ufunguo wa stoo bila kukabidhiwa leja.

Kuna mfano wa pili, mfupi zaidi. Tafiti za jamii huchagua kaya kwa nasibu. Kompyuta hupewa namba ya kuanzia, iitwayo mbegu, ili uchaguzi huo uweze kurudiwa na mwingine na kukaguliwa. Mwezi Aprili 2019, R toleo la 3.6.0 lilibadilisha njia ya kuchagua, kwa sababu njia ya zamani haikuwa ya haki kamili pale orodha inapokuwa ndefu sana. Mabadiliko yalikuwa mema. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba mbegu ile ile juu ya orodha ile ile ya kaya za Kerege itateua kaya fulani katika kompyuta ya zamani na kaya nyingine katika kompyuta iliyosasishwa. Timu mbili zilizotumwa siku moja kwa orodha moja zitabisha hodi kwenye milango tofauti, na mkaguzi atakayerudia kazi baada ya mwaka atadhani kuna udanganyifu.

Makosa ya kompyuta yana tabia mbili. Kuna linalopiga kelele, kama pale pandas, kifurushi cha Python kinachotumika sana kwa majedwali, kilipoondoa amri kadhaa za zamani katika toleo la 2.0 la Aprili 2023. Skripti iliyozitegemea husimama papo hapo na kuandika hitilafu. Huudhi, lakini haidhuru mtu. La kuogopwa ni kosa la kimya. Uingereza ilionja la namna hiyo mwaka 2020, ingawa huko chanzo hakikuwa kifurushi bali muundo wa zamani wa faili la jedwali usioweza kubeba mistari zaidi ya 65,536. Visa 15,841 vya UVIKO-19 viliachwa nje ya taarifa za kila siku kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba, na watu waliokutana na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa. Hakuna mashine iliyolia.

Leja inavyoandikwa

Vifurushi husimamiwa vizuri zaidi kwa mstari wa amri, yaani kile kidirisha, mara nyingi cheusi, ambamo mtumiaji huandika maneno badala ya kubofya picha. Wengi hukiogopa bure. Faida yake kwa kazi ya tiba ni ya wazi: kilichobofywa hakiachi alama, lakini amri iliyoandikwa inaweza kunakiliwa, kuwekwa kwenye faili la utafiti, kusomwa na mtu wa pili na kurudiwa neno kwa neno. Muuguzi anayeandika dozi na saa aliyoitoa anaielewa tofauti hiyo.

Jambo la kwanza ni kujua kilichomo. Kwa Python, amri ni hii:

pip list

Nayo huorodhesha kila kifurushi na toleo lake. Anayetaka kukichunguza kimoja, ajue pia kinategemea nini na kinategemewa na nani, huandika:

pip show pandas

Na amri ya pip check huonyesha kama kuna vifurushi vilivyosakinishwa ambavyo havipatani, kwa mfano kimoja kinapotaka toleo la zamani la mwenzake ilhali lililopo ni jipya. Kwa watumiaji wa R, sessionInfo() hutaja toleo la R lenyewe na vifurushi vilivyofunguliwa wakati huo, na packageVersion("anthro") hutaja toleo la kifurushi kimoja. Kama kuna amri moja tu ambayo mwanafunzi wa uzamili anapaswa kuikariri, basi ni hiyo ya sessionInfo(), na matokeo yake yawekwe mwishoni mwa tasnifu. Hugharimu nusu ukurasa.

Jambo la pili ni kutenga. Kompyuta nyingi zina stoo moja ya vifurushi kwa kazi zote, na hapo ndipo balaa huanza: mtu husasisha kifurushi kwa ajili ya utafiti wa kisukari, na hesabu za utafiti wa lishe ulioanza mwaka jana zikabadilika bila yeye kujua. Dawa ni kuipa kila kazi stoo yake. Katika Python hufanywa hivi:

python3 -m venv lishe-kerege
source lishe-kerege/bin/activate

Mstari wa kwanza hujenga stoo mpya iliyo tupu. Wa pili humwingiza mtumiaji ndani yake. Kwenye Windows, mstari wa pili huwa lishe-kerege\Scripts\activate. Tangu hapo, kila kinachosakinishwa hukaa humo na hakigusi kazi nyingine. Mifumo mipya ya Linux, kama Debian 12 ya mwaka 2023, hukataa kabisa kusakinisha kwa pip katika stoo kuu ya kompyuta, kwa kuwa mfumo wenyewe hutegemea vifurushi vya humo. Wanaokutana na katazo hilo hutafuta namna ya kulikwepa. Wasilikwepe, watenge.

Jambo la tatu ni kuandika leja yenyewe:

pip freeze > vifurushi.txt

Faili hilo dogo lina kila kifurushi na toleo lake kamili, kwa mfano pandas==1.5.3. Mtu mwingine, katika kompyuta nyingine, akiandika pip install -r vifurushi.txt ndani ya stoo yake mpya, atapata matoleo yale yale. Toleo la Python lenyewe halimo katika orodha hiyo, hivyo liandikwe kando; amri ya python3 --version hulitaja. Kwa R, kazi hiyo hufanywa na kifurushi kiitwacho renv: renv::init() hutenga, renv::snapshot() huandika leja katika faili la renv.lock, na renv::restore() husakinisha upya kwa kuifuata. Leja hiyo hulitaja na toleo la R, lakini renv haibadilishi R iliyomo katika kompyuta, kwa hiyo mifano miwili iliyotangulia isingeepukwa na renv peke yake bila mtu kulitazama toleo hilo.

Kusasisha nako kuna wakati wake. Mtu mwenye nia njema huona pip list --outdated ikimtajia vifurushi thelathini vilivyopitwa, au huandika update.packages() katika R na kukubali kila kinacholetwa, akidhani anaitunza kompyuta. Katikati ya utafiti, huko ni kubadilisha dawa katikati ya dozi. Mpango wa uchambuzi utaje matoleo yatakayotumika, na matoleo hayo yasiguswe hadi kazi iishe, isipokuwa pakigunduliwa kasoro ya usalama au ya hesabu. Ikilazimu kubadilisha, skripti iendeshwe kabla na baada, majibu yalinganishwe, na tarehe na sababu ziandikwe. Kutosasisha kamwe si salama pia. Python ya pili iliacha kutunzwa tarehe 1 Januari 2020, na kompyuta inayoitumia leo haitengenezewi tena na waliyoibuni kasoro zinazogunduliwa.

Kuondoa kifurushi ni rahisi: pip uninstall na jina lake. Amri hiyo hukiondoa kilichotajwa tu na kuviacha vile kilivyovileta, hivyo stoo hujaa mabaki taratibu. Kwa aliyetenga, njia safi ni kulifuta folda la stoo nzima baada ya kuhifadhi leja, kisha kuijenga upya itakapohitajika.

Jina linalofanana

Hatari moja haina uhusiano na hesabu, na inamgusa mgonjwa moja kwa moja.

Majina ya wagonjwa huandikwa kwa namna nyingi. Mwanaidi wa rejista ya wajawazito anaweza kuwa Mwanahidi katika rejista ya kujifungua, na Shabani akawa Shaaban. Anayeunganisha kumbukumbu za mtu mmoja kutoka rejista mbili anahitaji chombo cha kupima jinsi majina mawili yanavyokaribiana. Kipo kifurushi cha Python kwa kazi hiyo, kiitwacho jellyfish, na ni cha kuaminika. Mwezi Desemba 2019 iligundulika kwamba katika ghala la PyPI kulikuwa na kingine kilichoitwa jeIlyfish, ambamo herufi ya tatu haikuwa l ndogo bali I kubwa. Kwa macho hayatofautiki. Kifurushi hicho cha uongo kilikuwa kimekaa ghalani kwa takriban mwaka mzima, na kazi yake ilikuwa kuiba funguo za siri zilizohifadhiwa katika kompyuta, zile zinazofungua seva na kuthibitisha saini za kielektroniki. Kiliondolewa mara kilipobainika. Mtu aliyekisakinisha kwa ajili ya kuoanisha majina ya wagonjwa angekuwa amempa mwizi ufunguo wa seva yenye majina hayo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika nchini Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti na inamtaka anayezikusanya kuzilinda. Ulinzi huo kwa kawaida hufikiriwa kuwa ni nywila na kabati lenye kufuli. Unahusu pia amri moja ya kusakinisha iliyoandikwa kwa haraka usiku. Jina la kifurushi linakiliwe kutoka kwenye nyaraka rasmi za kifurushi chenyewe, lisichapwe kwa kukumbuka, na kazi zenye majina halisi ya wagonjwa zifanyike katika kompyuta ambayo haisakinishiwi vitu vya majaribio.

Yanayoweza kuulizwa na kufanywa kituoni

Mganga mfawidhi au muuguzi hahitaji kujua kuandika skripti ili asimamie jambo hili. Anapoletewa ripoti iliyotokana na rejista za kituo chake, anaweza kuuliza maswali mawili: je, hesabu hizi zikirudiwa leo katika kompyuta nyingine zitatoa majibu haya haya, na orodha ya vifurushi iko wapi? Mchambuzi aliyejipanga atatoa faili ndani ya dakika moja. Asiyeweza kulitoa si lazima awe amekosea, lakini hana njia ya kuonyesha kwamba hakukosea.

Mgonjwa au mzazi anayeombwa ridhaa naye ana haki ya kuuliza taarifa zake zitawekwa katika kompyuta gani, nani ataziona, na zitalindwaje. Jibu la kwamba “zitahifadhiwa kwa siri” halitoshi, na mtafiti anayeulizwa asilichukulie swali kuwa ni ukaidi.

Limebaki suala la intaneti, ambalo kwa vituo vya nje ya mji si dogo. Vifurushi vya Python au R kwa kazi moja vinaweza kufika mamia ya megabaiti, umeme hukatika, na kifurushi cha simu humalizika katikati ya upakuaji. Kuna watu ambao kwa sababu hiyo hunakili stoo nzima kutoka kompyuta ya rafiki bila kujua kilichomo. Njia iliyo bora ni kupakua mara moja mahali penye mtandao mzuri, chuoni au Bagamoyo mjini, kwa kufuata leja:

pip download -r vifurushi.txt -d ghala

Folda la ghala hunakiliwa kwenye flashi na kupelekwa kituoni, na huko husakinishwa bila intaneti kabisa:

pip install --no-index --find-links ghala -r vifurushi.txt

Kompyuta inayopakua na inayosakinisha ziwe na mfumo wa aina moja na toleo moja la Python, la sivyo baadhi ya vifurushi vitakataa. Maneno --no-index huizuia kompyuta kutafuta chochote nje ya folda hilo, kwa hiyo hakuna toleo jipya litakaloingia kwa bahati mbaya hata mtandao ukiwapo. Flashi hiyo ichunguzwe virusi, iandikwe jina la utafiti na tarehe, kisha ifungiwe pamoja na skripti na fomu za ridhaa kwa muda wote ambao kumbukumbu za utafiti zinatakiwa kutunzwa.